Kisiwa ni cha Nani?

Katika miaka yetu ya kufundisha tulikuwa na swali moja tulilozoea kuwapa wanachuo wa ualimu, nalo mara nyingi lilizusha ubishi hata kengele ikapigwa. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu aweza kutoa kwa hiari kitu alichokikuta, ambacho hakukijenga yeye, na ambacho wengine watakihitaji baada yake? Wengi hujibu upesi kwamba aweza, maadamu kwa sasa kiko mkononi mwake. Wengine husema hawezi kabisa, kwani yeye ni mlinzi tu. Pande zote mbili hujibu kabla ya kuuliza kitu chenyewe kimejengwaje, na huo ndio upungufu wao. Kwa hiyo tumechagua kitu kimoja tukitazame jinsi kilivyojengwa, kisha tulirudie swali. Kitu hicho ni kisiwa cha namna ya pekee kipatikanacho katika bahari za joto, ambacho wataalamu hukiita atoli.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki si wageni wa matumbawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Gede, nyumba za Lamu, na kuta za Kanisa Kuu la Mkunazini lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Askofu Steere, vyote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Lakini pwani yetu wenyewe haina atoli. Ile iliyo jirani ni Aldabra, katika nchi ya Shelisheli, nayo imeinuka juu kuliko kawaida ya wenziwe. Zilizo nyingi ziko Maldivi, ambako jina lenyewe limetoka, na zaidi sana katika Bahari ya Pasifiki.

Mtu anayeiona atoli kutoka angani huona pete nyeupe imelala juu ya maji ya buluu. Pete hiyo ni mwamba wa matumbawe. Nje yake ni kilindi, na mawimbi hupiga usiku na mchana. Ndani yake ni ziwa la maji ya chumvi, limetulia, na rangi yake ni ya kijani. Juu ya pete, hapa na pale, kuna mafungu ya mchanga yaliyoota minazi, na watu wanaishi juu yake. Aghalabu nchi yao haizidi mita mbili au tatu kutoka usawa wa maji makuu. Hakuna mto, hakuna kilima, wala udongo wa kuutaja. Maji ya kunywa ni ya mvua iliyozama mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Anayechimba kisima kirefu mno hupata chumvi.

Ni nani aliyejenga pete hiyo? Tumbawe huonekana kama jiwe, na watu wengine hulidhania mmea, kumbe ni mnyama. Kila mmoja ni kiumbe mwororo, mara nyingi si mkubwa kuliko punje ya mahindi, mwenye mdomo uliozungukwa na mikono midogo. Huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujitengenezea kikombe kigumu cha kukalia. Kadiri anavyokua hujiinua, akaweka sakafu mpya chini yake, na ile ya zamani akaiacha tupu. Huzaa kwa kujigawa, na jirani hushikana na jirani, hata wakawa maelfu kwa maelfu katika pande moja. Ndani ya miili yao mna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa sababu hiyo matumbawe yajengayo miamba hayawezi kuishi gizani. Yanataka maji ya joto, yasiyo na tope, na yasiyo na kina kirefu. Baada ya kiasi cha mita 50 kwenda chini ujenzi wa mwamba hufifia.

Kazi hiyo haifanywi na matumbawe peke yake. Kuna mwani mwekundu, mgumu kama jiwe, unaofunika vipande vilivyovunjika na kuvigandisha pamoja, hasa upande ule unaopigwa na mawimbi. Na kuna pono, ambaye wavuvi wetu wanamjua vizuri. Yeye huguguna mwamba kwa meno yake, akatoa nyuma mchanga mweupe laini. Mtu anayetembea ufukoni mwa atoli na kuusifu mchanga wake, sehemu kubwa anasifu kazi ya tumbo la pono. Wanafunzi wetu walilipenda jambo hili kuliko mengine yote ya somo, na hatukuona sababu ya kuwanyima.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Ikiwa matumbawe huishi karibu na juu tu, pete hizi zimesimama juu ya nini, nazo ziko katikati ya bahari kuu? Mwezi wa Aprili mwaka 1836 meli ya Kiingereza iitwayo Beagle ilifika visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, upande wa kusini wa Sumatra. Nahodha FitzRoy aliteremsha kamba yenye risasi mwendo wa kilomita 2 tu kutoka mahali mawimbi yanapovunjika. Ikaenda chini zaidi ya mita 2,000, na haikugusa kitu. Karibu na mwamba wenyewe walipima kwa risasi iliyopakwa mafuta mgando chini yake. Pale penye maji haba mafuta yalirudi na alama za matumbawe hai, safi bila mchanga. Kadiri walivyozidi kwenda chini alama zilipungua na mchanga ukaongezeka, hata ukabaki mchanga mtupu. Basi ilikuwa kama kuona nyumba imejengwa juu ya nguzo ambayo fundi wake hawezi kufika chini yake akaishi.

Ndani ya meli hiyo alikuwamo kijana wa miaka 27, Charles Darwin. Watu wengi wa makanisani hulisikia jina lake kwa habari nyingine na hukunja uso. Lakini kitabu chake cha mwaka 1842 juu ya miamba ya matumbawe kinafaa kuheshimiwa na kila mtu, maana kinaonyesha jinsi ya kufikiri kwa uangalifu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilimjia akiwa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, kabla hajaona mwamba wa matumbawe hata mmoja. Huko aliona nchi inainuka. Tetemeko la mwaka 1835 liliinua ufuko mbele ya macho ya watu waliokuwapo. Akawaza: ikiwa mahali pamoja chini ya dunia panapanda, pengine pengine panashuka.

Maelezo yake ni haya. Kwanza volkano huzaliwa baharini, ikawa kisiwa chenye mlima mrefu. Matumbawe hushika ufuko wake, kama yalivyoshika ufuko wetu. Kisha mlima huanza kuzama, polepole mno, na matumbawe yaliyo hai hupanda juu ili yasipoteze mwanga. Ufuko unarudi nyuma kuelekea kilele, lakini mwamba unabaki pale ulipoanzia, kwa hiyo maji huingia kati yao. Sasa mwamba uko mbali na nchi, kama ua lililozunguka nyumba. Ndivyo ilivyo Moorea, ambayo Darwin aliitazama kutoka juu ya mlima wa Tahiti. Mlima ukizidi kuzama, siku moja kilele chake hutoweka. Ua linabaki bila nyumba. Hiyo ndiyo atoli: pete inayoonyesha mahali palipokuwa na mlima.

Wasomi hawakukubaliana. John Murray, aliyesafiri na meli ya Challenger, alisema hakuna haja ya mlima kuzama. Matumbawe hujenga juu ya vilima vya takataka za bahari vilivyoinuka kutoka chini. Alexander Agassiz alizunguka bahari nyingi akimpinga Darwin. Darwin mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alimwandikia Agassiz kwamba anatamani tajiri fulani agharimie kutoboa shimo katika atoli za Pasifiki ili jambo liishe. Hakuliona. Waingereza walitoboa Funafuti kati ya mwaka 1896 na 1898, wakafika mita 340, na kila kilichotoka kilikuwa chokaa ya matumbawe. Kila upande ukasema umeshinda. Watu wazima ndivyo walivyo.

Jibu lilipatikana katikati ya mwaka 1952, katika atoli ya Enewetak, Visiwa vya Marshall. Wamarekani walitoboa mashimo mawili marefu, moja likapita mita 1,280 na la pili mita 1,400. Chini kabisa walikuta jiwe jeusi la volkano. Juu yake matumbawe ya kwanza yalikuwa ya umri wa karibu miaka milioni 49, na ni matumbawe ya maji haba, ya penye jua. Mlima ulikuwa umezama kweli, na viumbe wale wadogo walikuwa wameendelea kujenga juu yake muda wote huo.

Tukigawanya mita 1,400 kwa miaka hiyo, tunapata karibu milimita 3 kwa kila miaka 100. Leo inajulikana pia kwa nini mlima huzama. Gamba la dunia chini ya bahari, likiisha kutoka penye moto, hupoa, huwa zito na kushuka, na volkano juu yake hulielemea zaidi. Tena inajulikana kwamba habari haikuwa nyepesi kama Darwin alivyoichora. Katika zama za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100, atoli zikabaki vilima vikavu vya chokaa, na mvua ikala katikati yao. Maji yaliporudi matumbawe yalianza tena juu ya magofu hayo. Mchanga ambao watu wanakanyaga leo ni wa miaka elfu chache tu. Kuna na milima ambayo matumbawe yake yalishindwa kuifuata juu. Imelala gizani katika Pasifiki, vilele vyake vimekatwa tambarare, wala hakuna atoli juu yake.

Tumekaa sana katika habari hii kwa makusudi. Katika unene wote ule wa mita 1,400, sehemu iliyo hai ni ngozi nyembamba tu kwa juu, unene wa kucha. Chini yake kote ni nyumba za waliokufa. Lakini ngozi hiyo ndiyo inayozuia mawimbi yasiumegue mwamba, na ndiyo inayoleta mchanga. Ikifa, mwamba haudumu. Kwa hiyo walio hai ni kidogo sana na bado kila kitu kinawategemea, na wao nao hawana pa kusimama pasipo wale waliotangulia. Sasa tuulize: kisiwa ni cha nani?

Swali hili si la darasani tu. Liliulizwa, au tuseme lilirukwa, katika Visiwa hivyo hivyo vya Marshall, kwenye atoli ya Bikini. Wengi leo wanalijua jina hilo kwa ajili ya vazi la kuogea la wanawake lililotolewa Paris mwaka ule ule wa 1946, jambo ambalo twaliona la aibu, wala hatusemi aibu ya nguo. Bikini ilikuwa nchi ya watu 167. Walikuwa Wakristo, kwa kazi ya wamisionari walioanza kufika visiwa vile karne ya 19. Tarehe 10 Februari 1946, siku ya Jumapili, baada ya ibada, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Komodoo Ben Wyatt, aliwakusanya. Akawalinganisha na wana wa Israeli waliookolewa na Bwana mbele ya adui zao. Akawauliza kama wako tayari kuiacha nchi yao kwa muda, ili mabomu ya atomiki yajaribiwe hapo kwa manufaa ya wanadamu wote na kumaliza vita duniani. Wazee wakashauriana. Kiongozi wao, Juda, akajibu kwamba watakwenda, wakiamini kuwa mambo yote yako mikononi mwa Mungu.

Mwezi uliofuata wakapakiwa melini. Kabla ya hapo walitakiwa kuliigiza tena lile shauri mbele ya kamera za sinema, na si mara moja.

Watetezi wa jambo hili husema: waliulizwa, wakakubali, watu wazima na akili zao. Kwanza tulitazame hilo kuulizwa. Mahali pa majaribio palikwisha kutangazwa huko Washington mwezi wa Januari. Anayeuliza alikuja na jeshi lililotoka kuwashinda Wajapani waliovitawala visiwa hivyo. Swali ambalo jibu la “hapana” halina mahali pa kwenda haliwi swali. Mwalimu yeyote ajua namna ya kuwauliza watoto “Tumeelewana?” huku ameshika fimbo.

Lakini tusiishie hapo, kwa maana ni rahisi mno. Tuseme walikuwa huru kweli. Tuseme Juda angeweza kukataa, na meli zikageuka zikarudi. Je, alikuwa na haki ya kukubali? Kwa desturi ya Marshall ardhi hurithiwa hasa kwa upande wa mama, nayo ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Aliye hai huitumia. Na sisi wenyewe wengi wetu tumekulia katika desturi za namna hiyo, ambapo shamba la ukoo halitolewi kwa mgeni hata kama mzee wa siku ile amependezwa naye. Atoli yenyewe imejengwa vivyo hivyo. Hakuna kizazi cha matumbawe kilichoijenga. Kila kimoja kimeongeza sakafu moja na kuondoka.

Wanachuo wetu wenye akili kali wangetupinga hapa, tena kwa haki. Wangesema: basi kwa hoja hiyo hakuna atakayegusa kitu. Wafu watatutawala, na wasiozaliwa watatutawala, na sisi tulio kati tutakaa mikono mitupu. Mbona Mkunazini lilijengwa kwa matumbawe? Mbona mnakata miti?

Pingamizi hilo lina nguvu, na jibu letu ni kwamba kuna tofauti kati ya kutumia na kukomesha. Mawe ya majengo yetu ya kale kwa sehemu kubwa yalichimbwa katika mwamba wa zamani, uliokwisha kufa na kubaki nchi kavu, na bahari mbele yake iliendelea na kazi yake. Huko ni kutumia. Aliyetupa baruti juu ya mwamba hai apate kikapu cha samaki, kama ilivyofanyika kwa miaka mingi katika pwani ya Tanzania, alichukua samaki wa leo pamoja na nyumba ya samaki wa wajukuu. Huko ni kukomesha. Walio hai wana haki pana sana ya kutumia, hata ya kupunguza, maadamu kilichopungua chaweza kurudi wakati wapo wanaokihitaji. Kutoa kisichorudi ni jambo jingine, na hapo ridhaa ya watu wa siku moja, hata iwe ya kweli na ya moyo mweupe, haitoshi. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Waliona kujenga polepole, wakaona na kuharibu polepole. Kuharibu kwa mpigo mmoja kilichojengwa kwa miaka milioni 49 hawakukifanyia methali, maana hapakuwa na mkono wa kufanya hivyo.

Mkono huo ulipatikana. Kule Enewetak, ambako wenyeji walikuwa wameondolewa mwishoni mwa mwaka 1947, mashimo yalionyesha kisiwa kilivyojengwa, na miezi michache tu baadaye, tarehe 1 Novemba 1952, bomu la kwanza la haidrojeni lililipuliwa hapo. Nguvu yake ilikuwa takriban mara 700 ya lile la Hiroshima. Kisiwa kidogo cha Elugelab kilichokuwa juu ya pete kilitoweka chote, pakabaki shimo. Katika atoli moja, mwaka mmoja, taifa moja lilijua umri wa kazi ile na likaivunja. Hatudhani wataalamu waliotoboa mashimo walikuwa watu wabaya. Tunadhani ujuzi uliwekwa katika chumba kimoja na uamuzi katika chumba kingine.

Bikini ililipuliwa mabomu 23 kati ya mwaka 1946 na 1958. Kubwa kuliko yote lilikuwa la tarehe 1 Machi 1954, likachimba shimo la upana wa karibu kilomita 2 na kina zaidi ya mita 70. Mwamba wa pale ukawa unga, ukapanda angani pamoja na sumu ya mionzi. Saa chache baadaye unga huo mweupe ulianza kuwaangukia watu wa atoli ya Rongelap, zaidi ya kilomita 150 upande wa mashariki. Hawakuwa wameambiwa kitu. Watoto waliuchezea. Siku mbili zilipita kabla ya kuja meli kuwaondoa, na miaka iliyofuata wengi wao waliugua uvimbe wa tezi shingoni. Ule unga ulikuwa matumbawe.

Watu wa Bikini nao hawakupata heri. Walipelekwa Rongerik, wakapatwa na njaa. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kili. Kili ni kisiwa kimoja, si pete; hakina ziwa la ndani. Kwa mtu wa bara jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini watu wa atoli maisha yao yote ni ziwa lile: humo huvua wakati bahari ya nje imechafuka, humo wazee hufundisha vijana kuendesha ngalawa. Kule Kili mawimbi hupiga moja kwa moja ufukoni, na kwa miezi kadhaa ya mwaka chombo hakiwezi kutoka. Walipewa ardhi, wakanyang'anywa kazi ya mikono yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachache walirudishwa Bikini wakiambiwa ni salama. Mwaka 1978, zaidi ya watu 100 wakiwa pale, waliondolewa tena, kwa kuwa sumu ya mionzi ilikuwa imeingia miilini mwao kwa njia ya vyakula vya kisiwa, hasa nazi.

Hapa tungependa kusema neno juu ya lile jibu la Juda, maana wengine wamelicheka kuwa ni la watu wasiojua. Sisi hatulicheki. Kusema mambo yote yako mikononi mwa Mungu ni kusema kwamba hayako mikononi mwangu nikayatoa, wala mikononi mwako ukayapokea. Aliyekosa ni yule aliyelichukua neno hilo kama hati ya mauziano. Mzigo wa anayeomba ni mkubwa kuliko wa anayetoa, hasa anapojua zaidi, na hasa anapokuja na Maandiko mkononi. Kama angekuwa na hoja safi angeieleza kwa maneno yake mwenyewe, akawaacha wana wa Israeli mahali pao.

Mwaka 2002 wataalamu walipiga mbizi ndani ya lile shimo la mwaka 1954. Wakakuta matumbawe yameota tena, mengine yakiwa marefu kupita kimo cha mtu mara kadhaa. Aina 28 zilizoandikwa kabla ya mabomu hawakuziona. Habari hii ikaenezwa kwa furaha, na wapo waliohitimu kwamba basi madhara yamekwisha. Ni kweli kwamba viumbe wale ni wastahimilivu kuliko tulivyodhani, nasi tulifurahi kuisoma. Lakini samaki na matumbawe hurudi kwa sababu, pamoja na mengine, hakuna mtu anayeishi pale wa kuwavua. Kuirudia Bikini kumewawezekania wao. Wenye nchi haikuwawezekania.

Sasa tumefika siku zetu, ambapo hakuna hata komodoo wa kuuliza swali. Mlima huzama milimita 3 kwa miaka 100. Bahari siku hizi hupanda karibu milimita 4 kwa mwaka mmoja, kwa ajili ya joto linaloongezwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi zilizo mbali sana na atoli. Matumbawe yenye afya yameweza kufuata mambo mengi, lakini maji yakizidi joto hutapika ile mimea yao midogo, hubaki meupe, na yasipoipata tena hufa. Mwaka 1998 tuliona hivyo katika Bahari yetu ya Hindi, kutoka Maldivi na Shelisheli hadi miamba ya Kenya na Mafia. Mahali pengi sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa katika msimu mmoja. Nchi ya Tuvalu, ambamo imo ile Funafuti iliyotobolewa zamani, ilitia sahihi mkataba na Australia mwezi wa Novemba 2023, ili watu wake wapate njia ya kwenda kukaa huko kidogo kidogo. Nani aliyewaomba kisiwa chao? Hakuna aliyeomba. Kinachukuliwa na watu wengi mno, kila mmoja kidogo, wala hakuna hata mmoja anayejijua kuwa anachukua. Na tukisema kweli, basi letu la kwenda mjini nalo limo katika hesabu, ingawa si kwa kiasi kimoja na wenye viwanda, na twaona ni dhuluma kuzungumza kana kwamba ni kiasi kimoja.

Watu wa Bikini leo wametawanyika, Kili, Majuro na Marekani kwenyewe. Mwaka 1987 walijipatia bendera. Wameifanya ifanane na ya Marekani kwa makusudi, milia na nyota, ili aliyewadai akumbuke. Nyota nyeupe ni 23, kwa visiwa vya pete yao. Juu upande wa kulia kuna nyota tatu nyeusi, kwa visiwa vitatu vilivyotoweka mwaka 1954. Chini kuna nyingine mbili nyeusi, kwa mahali wanapoishi sasa, ziko mbali na zile nyeupe kama wao walivyo mbali na kwao. Na chini kabisa, kwa lugha ya Marshall, wameandika lile jibu la Juda.